Mshumaa wa Ndoa ya Mama na Jua la Muhokya

Leo nimeadhirika. Si sokoni, si shuleni. Altareni! Mbele ya padri, kwaya, wazazi wangu na parokia nzima, nikiwa na kiatu kimoja mguuni na kitenge mkononi kilicholowa maji ya samaki.

Nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, maana najua kisa kimeshaanza kutembea. (Wewe dada wa kwaya, sauti ya kwanza, nimekuona unaandika kwenye simu tangu tulipotoka kanisani.)

Kwa wasionijua: mimi ni Masika, mwalimu wa fizikia hapa Kasese. Ndiyo, fizikia. Wiki iliyopita tu nimewafundisha wanafunzi wangu jinsi joto linavyobadilisha vitu: chuma kinavyotanuka, plastiki inavyolegea, kioo kinavyopasuka. Niliwachorea na mchoro. Wakumbukeni hao wanafunzi, maana baadhi yao wanaimba kwaya.

Wazazi wangu wanakaa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, tangu tulipokimbia kutoka upande wa pili nikiwa na miaka saba. Leo wametimiza miaka arobaini ya ndoa. Arobaini! Mimi na gari langu tuna miezi minne na tumeshagombana mara sita. Parokia yetu ilipanga misa ya jubilei saa nane mchana kwa wanandoa sita, na padri alitangaza Jumapili tatu mfululizo kwamba kila wanandoa waje na mshumaa wao wa siku ya ndoa, kama bado wanao. Wasio nao watapewa mpya.

Mama anao. Jamani, Mama anao!

Wazee walikuja jana kulala kwangu ili leo wasichoke na safari. Asubuhi, saa moja hivi, nikiwa napuliza chai yangu, Mama akatoka chumbani ameshika mkoba wake wazi kama mtu aliyeibiwa.

"Masika, minakufa," akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo.

"Mama, kuna nini?"

"Mushumaa. Minaisahau Bwera. Niliiweka juu ya kitanda ili nisiisahau."

"Mama, usijali. Padri ana mishumaa mipya."

Hapo nikajua nimekosea. Mama alikaa kwenye kiti taratibu, akaweka mkoba mapajani, akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyesahau kitu.

"Ya mupya itajua nini?" akasema. "Ile njo ilituona siku tulisema ndiyo. Foto ziliungua zote na nyumba. Batu benye balikuwaka kule ku ndoa, bamoja balikufa, bengine sijue beko wapi. Kunabakia mushumaa tu. Ile njo mushahidi yetu."

Papa alikuwa pale pembeni anakunywa chai. Papa yangu ni mtu wa maneno kumi kwa siku. Ukimsikia amesema kumi na moja, jua anaumwa. Aliweka kikombe chini.

"Masika, endesha polepole," akasema.

(Matatu. Yamebaki saba.)

Niseme na hili, maana litahitajika mbele. Katika maisha yangu yote sijawahi kumwona Papa amemshika Mama mkono. Wakitembea barabarani, Papa yuko mbele hatua kumi na mwavuli wake, Mama yuko nyuma na kikapu chake. Ndivyo wazee wetu walivyo. Upendo upo, tena mwingi, lakini unatembea kwa foleni.

Basi nikachukua funguo. Hesabu yangu ilikuwa safi: kwenda Bwera saa moja na kidogo, kurudi saa moja na kidogo, misa ni saa nane. Nina muda hadi wa kupita Muhokya kuchukua samaki aina ya ngege, maana Papa anapenda ngege wa Kahendero na nilikuwa nimeahidi kuwapika leo. Mwenye akili angesema: Masika, leo ni siku ya mshumaa, acha samaki. Mwenye akili hakuwepo.

Bwera nilikuta mawingu yameshuka mlimani na ubaridi mzuri. Jirani akanisalimu, jirani mwingine akanisalimu, wa tatu akaniletea uji. Huwezi kukataa uji wa mtu. Nilipoingia chumbani kwa wazee ilikuwa inakaribia saa nne. Mshumaa ulikuwa juu ya kitanda, umefungwa kwenye kitenge chake cha zamani.

Niliufungua kidogo. Sijui kama mmewahi kuona mshumaa wa nta ya nyuki wa miaka arobaini. Una urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, rangi yake ya asali iliyokaa, na kiunoni una mkanda wa karatasi ya dhahabu uliofifia. Juu umeungua kidogo tu, maana uliwashwa siku ya ndoa, kisha kila mtoto alipobatizwa, basi. Ukiunusa, bado una asali.

Na nina historia na huu mshumaa. Tulipokimbia, Papa alibeba godoro na mdogo wangu. Mama aliufunga mshumaa mgongoni kwa kitenge hikihiki, kama mtoto mchanga. Mimi, mtoto halisi, mwenye miguu ya mtoto, nilitembea! Siku mbili nilitembea nyuma ya Mama nikiutazama mshumaa unavyobebwa. Nililia wivu. Mpaka leo nyumbani tunatania kwamba mshumaa ndiye kifungua mimba na mimi ni wa pili.

"Habari ya asubuhi, mkubwa wangu," nikauambia.

Nikaufunga tena, nikatafuta mahali pa heshima kwenye gari. Kiti cha mbele? Unaweza kuanguka nikishika breki. Buti? Huwezi kumweka mkubwa wako kwenye buti. Nikauweka kwenye ile rafu ya nyuma ya viti vya nyuma, chini ya kioo, umelala vizuri, kitenge nimekiachia kidogo ili upate hewa.

(Chini ya kioo. Mwalimu wa fizikia. Ndugu zangu, chini ya kioo.)

Mnaijua hiyo barabara. Ukitoka Bwera una sweta, ukifika Kikorongo unatafuta mahali pa kulitupa. Kufika Muhokya jua lilikuwa linapiga lami mpaka mbele kunaonekana kama kuna maji. Nikaegesha mahali peupe, nikafunga vioo vyote vinne nikivikagua kimoja kimoja, kwa sababu ndani ya gari kuna mali ya thamani na wezi hawalali.

Biira ndiye muuza samaki wangu. Mama mnene mchangamfu, ana kibanda chake kando ya barabara na sanduku kubwa la barafu, na samaki wake wanatoka Kahendero kwa pikipiki.

"Wabukire, madamu! Samaki iko njiani," akasema. "Dakika tano."

Dakika tano za Biira zinajulikana. Nikakaa kivulini, nikapewa soda. Sasa sikilizeni nilivyojichimbia kaburi. Biira alikuwa na beseni la plastiki ambalo ukingo wake umejikunja upande mmoja, akalalamika kwamba aliliacha juani siku moja tu na tangu hapo halikai sawa.

Mwalimu akaamka ndani yangu.

"Biira, hiyo ni kawaida," nikasema, nimekunja nne na soda mkononi. "Joto hubadilisha vitu. Kila kitu kina kiwango chake. Chuma kitatanuka, lakini kitasimama. Plastiki italegea. Lami italainika. Nta ndiyo kabisa, haihitaji hata moto. Jua tu linatosha."

Nikasema nta! Kwa mdomo wangu huu! Hatua thelathini kutoka kwenye gari! Nikanywa soda, nikaendelea na somo.

"Eee, madamu amesoma sana," Biira akasema kwa heshima.

Pikipiki ilifika karibu na saa sita. Nikachagua ngege wanne wanono, nikaenda garini nikiimba. Nilipofungua mlango joto lilinipiga usoni nikarudi nyuma. Nikainama kuweka samaki nyuma ya kiti, ndipo nikakutana uso kwa uso na mshumaa.

Ulikuwa umeshuka kutoka rafuni. Nusu imelala, nusu inaning'inia kuelekea kwenye kiti, umepinda kama ndizi, na ile karatasi ya dhahabu imetelemka kama mkanda wa suruali ya mtu aliyekonda.

Nilipiga ukelele. Biira akaja mbio na kisu cha samaki.

"Nyabo! Nani amekufa?"

"Mama yangu ataniua!"

"Kwa samaki?"

"Kwa mshumaa! Ni mshumaa wa ndoa yake!"

Biira akautazama. Akatikisa kichwa, kisha akasema kwa uhakika wa mtu wa kazi, "Weka kwa barafu. Mimi kitu yoyote ikiharibika na jua, naweka kwa barafu."

Na mimi nikakubali! Hapa ndipo wizara ingekuja kuchukua cheti changu. Tulieni niwaeleze, kwa sababu nimeyafikiria haya mchana kutwa. Nta ilikuwa laini. Ilikuwa laini vizuri kabisa. Ningeunyoosha pale pale kwa vidole viwili, nikaulaza kivulini ukapoa umenyooka, na leo msingekuwa na kitu cha kusoma. Badala yake niliubeba ukiwa umepinda vilevile, nikauzika ndani ya barafu, chini ya ngege, nikakaa kusubiri muujiza.

Baada ya dakika kumi nikautoa. Mgumu kama mfupa. Umepinda kama ndizi. Na magamba ya samaki matatu mgongoni.

"Sasa iko ngumu," Biira akasema, ameridhika.

"Lakini imepinda, Biira!"

"Sasa nyoosha."

Nikaunyoosha. Juu ya goti. Kwa nguvu. Ukiwa baridi.

KWAK!

Vipande viwili, vimeshikwa na utambi tu. Mwenye pikipiki akavua kofia.

"Sasa iko mbili," Biira akasema polepole.

Nilikaa chini kwenye vumbi la Muhokya na nguo yangu ya misa, nikalia. Sikulia kwa aibu, aibu ilikuwa bado njiani inakuja. Nilimlilia Mama. Aliubeba mlimani, akauvusha mto, akalala nao kwenye shule iliyojaa watu wasiojuana, akaja nao Bwera, akauweka sandukuni miaka yote hii, na haukupata hata ufa. Mimi nimekaa nao asubuhi moja, kwa gari. Nyumba iliungua, picha ziliungua, na kile kilichobaki nimekivunja juu ya goti langu kama kuni.

Biira alichuchumaa karibu yangu. Hakunicheka. (Nataka mlijue hilo. Mnaocheka sasa hivi, Biira amewashinda utu.)

"Madamu," akasema, "mimi sikusoma. Lakini mandazi ikikauka, tunaweka kwa chai."

Nikamwangalia. Mandazi kwenye chai! Joto kidogo! Biira alikuwa amenirudishia somo langu mwenyewe. Nikafuta kamasi.

Akamimina maji ya birika kwenye lile beseni lililojikunja, tukayapunguza makali kwa maji ya baridi mpaka mkono unavumilia, tukavilaza vile vipande. Kidogo kidogo nta ikaanza kukubali. Tukavibingirisha juu ya ubao wake wa samaki, mimi huku, yeye kule, kama watu wanaosukuma chapati, mpaka vikanyooka. Kisha akapasha kisu chake motoni, akagusa ncha hii na ncha ile zikatoa machozi, nikazikandamiza pamoja na kuhesabu mpaka mia. Ule mkanda wa dhahabu nikausukuma mpaka ukafunika pale pa kuungia.

Ukiutazama kwa mbali, na kwa huruma, ulikuwa umenyooka.

"Wasingya, Biira," nikamshukuru. Karibu nimkumbatie, lakini alikuwa na kisu.

Safari hii nilitumia akili. Nikakilowesha kitenge, nikaufunga mshumaa ndani yake ili usipate joto njiani. Maji safi yalikuwa yamekwisha kwenye birika. Maji yaliyokuwepo ni yale ya barafu iliyoyeyuka chini ya samaki. Nikasema, Mungu anaangalia moyo, haangalii harufu.

Nilifika kanisani saa nane kasoro dakika kumi, nimefungua vioo vyote, nywele zimesimama. Mama alikuwa mlangoni, gauni jipya la kitenge, kilemba, macho yote barabarani. Papa hatua kumi mbele yake, na mwavuli.

"Iko wapi?"

"Iko hapa, Mama. Usiifungue, jua litaiharibu. Nitaiweka mwenyewe."

Mama akakishika kitenge, akapumua kwa nguvu, uso wote ukalainika. Halafu akanusa tena.

"Mbona inanuka samaki?"

"Ni mimi, Mama. Ni mikono yangu."

Nikakimbia ndani. Kinara kilikuwa na nafasi sita, na chini yake kina mama wa parokia walikuwa wamepanga maua ya plastiki, mengi, mazuri, mekundu. Nikausimamisha mshumaa wetu mwishoni, nikaugeuza upande wake mzuri uelekee kwa watu, nikarudi kukaa kiti cha mbele na kile kitenge kwenye mapaja. Mishumaa ikawashwa. Wetu ukawaka. Mama akaufuta uso kwa leso, na mimi nikasema moyoni, asante Mungu, hili limepita, sitasema kwa mtu yeyote mpaka nife.

Kanisa letu lina bati. Saa nane mchana Kasese, chini ya bati, watu mia nne. Mnaona mambo yanakoelekea.

Padri alianza mahubiri, mgongo wake kwenye kinara. Na kati ya mada zote za dunia, alichagua hii: "Ndugu zangu, ndoa ni kusimama wima wakati wa joto la majaribu!"

Mshumaa ukainama.

Mwanzoni kidogo tu, nikadhani ni macho yangu. Nikaangalia pembeni, nikarudisha macho. Umeinama zaidi. Ile mitano mingine, ya kiwandani, minene, imesimama kama askari, na wetu taratibu unaielekea kwaya kama unataka kuuliza ukurasa. Watu wa mbele wakaanza kulaza vichwa upande mmoja kuufuata. Kisha safu ya pili. Padri akaona kanisa zima limelaza vichwa, akadhani maneno yamewaingia, akaongeza sauti.

"Wima, nasema! Bila kuyumba!"

Kutoka kwenye kwaya nikasikia sauti ya mwanafunzi wangu mmoja, yule anayekaa dirishani darasani na ambaye nilidhani hasikilizi, akimnong'oneza mwenzake kwa nguvu: "Unaona? Inalainika kabla ya kuyeyuka. Madamu alisema."

Ndipo kiungo kikaachia. Kipande cha juu kikaanguka upande, kikabaki kinaning'inia kwa utambi, moto ukielekea chini, chini, kwenye maua ya plastiki.

Niliruka. Sikumbuki kuamua. Nilikimbia na kitenge changu chepechepe, mguu ukakamata waya wa maikrofoni, kiatu kikabaki nyuma, maikrofoni ikanifuata, na mimi nikatua kwa magoti mbele ya kinara, mkono mmoja umefunika maua kwa kitenge, mwingine umeishika maikrofoni kifuani. Kanisa zima, na nadhani na soko, likasikia sauti yangu kwenye spika:

"NI MIMI NILIYEUVUNJA! NI BARAFU! MAMA, NISAMEHE!"

Gamba moja la samaki likadondoka kutoka kwenye kitenge, likatua kwenye zulia la altare, likametameta.

Padri akageuka. Akanitazama, akautazama mshumaa, akanusa.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hiyo ni harufu ya samaki?"

"Ndiyo, Padri." (Maikrofoni bado ninayo.)

"Ngege?"

"Ndiyo, Padri. Wa Kahendero."

Hapo kanisa likapasuka. Watu walicheka mpaka mtoto aliyekuwa amelala akaamka akalia. Wanafunzi wangu walijificha nyuma ya vitabu vya nyimbo, mabega yanatingishika. Mimi nilibaki pale kwenye magoti, naomba zulia lifunguke. Sikuthubutu kuangalia kiti cha mbele.

Kisha kicheko kikapungua kutoka mbele kwenda nyuma, nikajua Mama amesimama.

Alikuja polepole mpaka kwenye kinara, akaunasua mshumaa kwa mikono yake miwili. Utambi ulikuwa bado unawaka. Akaisogeza karatasi ya dhahabu kwa kidole gumba, akaiona ile alama ya kuvunjika. Akaitazama muda mrefu. Mimi nikaachia maikrofoni chini.

"Mama," nikasema, "ni mimi njo niliivunja."

Alikiinua kile kipande kilichoanguka, akakirudisha juu ya mwenzake, akakishikilia kwa vidole ili kisimame. Nta ya moto ikamdondokea mkononi. Hakuachia, lakini kipande cha juu kilianza tena kuinama, na mwali ukainama nacho.

Nikasikia mwavuli umewekwa sakafuni.

Papa alikuwa anakuja. Safari hii yeye ndiye alikuwa nyuma, hatua kumi, na alizitembea zote mbele ya watu mia nne wanaomtazama, mzee ambaye hata picha ya kitambulisho alipiga akiangalia chini. Akasimama kando ya Mama. Akauweka mkono wake juu ya mkono wa Mama, akaufunga wote, mkono na mshumaa.

"Niko nashika," akasema.

Hakuna aliyecheka. Padri, Mungu ambariki, hakurudi kwenye mahubiri. Akawaita wale wanandoa watano wengine waje mbele, akawabariki wote, wazee wangu wakiwa wamesimama vilevile. Nta ikawa inawatiririkia vidoleni, inapoa, inakuwa ngumu, juu yake inakuja nyingine. Misa ilipokwisha vidole vyao vilikuwa vimegandana kabisa. Ingekuwa rahisi kuibandua ile nta. Sikuona aliyeharakisha kuibandua.

Mimi nililia tena. Mara ya pili kwa siku moja, na wanja wangu ndio ulimalizika hapo.

Nyumbani nilikaanga wale ngege. Mama akaja jikoni, akasimama kando yangu akikwangua nta kwenye kucha.

"Mama, nilitaka kukuambia mlangoni. Niliogopa."

"Nilijua," akasema. "Samaki haifungwake mu kitenge ya mushumaa."

"Umenikasirikia?"

Akaangalia sebuleni, ambako Papa alikuwa amekaa akiutazama mkono wake mwenyewe.

"Siku ya mariaje, kule Butembo, kulikuwa baridi sana," akasema. "Mushumaa ilisimama muzuri, haikupinda ata kidogo. Na Papa yako hakunishika mukono ata kidogo. Alikuwa anaona batu haya." Akacheka peke yake, akafunika mdomo. "Miaka makumi ine, Masika."

Kisha akatoka na sahani ya Papa, akakaa karibu naye, si kiti kile kingine.

Ningeishia hapo, maana hapo nimeonekana mtoto mwema. Lakini kuna picha. Yule dada wa kwaya alipiga picha pale pale altareni, na imetoka vizuri kupita kiasi. Kushoto wamesimama Mama na Papa, mikono juu ya mikono, mshumaa katikati umepinda unawaka. Ni picha ya kwanza ya ndoa yao tangu zile zilipoungua. Kulia, kwa bahati mbaya, niko mimi: nimepiga magoti, kiatu kimoja, mdomo wazi, wanja mpaka shavuni, na gamba la samaki kwenye nywele.

Mama ameshaagiza isafishwe kubwa, iwekwe fremu, itundikwe ukutani Bwera, mkabala na mlango. Nimemwomba, nimembembeleza, nikamwambia ni kazi ya dakika moja kuikata ili nitoke.

"Hapana," Mama akasema. "Benye balikuwaka ku ndoa, balikuwaka. Sasa weye njo mushahidi."

Papa akaitikia kwa kichwa. Maneno yake ya leo yalikuwa yameisha.

Basi karibuni Bwera wakati wowote, chai ipo. Ila mkisimama mbele ya ile picha, nawaomba, tazameni upande wa kushoto.